Redio za Kwale: Unguja Ilikuwa Karibu Kuliko Nairobi

Wale mliozoea kuja hapa kwa ajili ya Linux, Python na hifadhidata, leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka tuzungumzie redio na burudani za jukwaani za zamani, hapa kwetu Kwale. Msiogope, ufundi utakuwemo.

Nianze na jambo lililonichukua muda kulielewa. Ukimkalisha mzee wa Msambweni, Vanga au Lungalunga ukamuuliza redio ya ujana wake, mara nyingi hataanza na Nairobi. Ataanza na Unguja, au Dar es Salaam, au Mombasa. Watu wa bara hudhani ni mapenzi ya taarab tu. Mapenzi yapo, lakini hebu chukua ramani na rula. Kutoka Msambweni hadi mji wa Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni chini ya kilomita 200. Hadi Dar es Salaam ni kama 260. Hadi Nairobi ni zaidi ya 400, tena kwa kuvuka nyika yote ya Taru. Isitoshe, stesheni nyingi za zamani zilitumia masafa ya kati, na wimbi la masafa ya kati linalotambaa ardhini hufika mbali zaidi likipita juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu, kwa sababu maji ya bahari hupitisha umeme vizuri. Kati ya Unguja na Msambweni njia karibu yote ni bahari. Usiku mambo huwa matamu zaidi. Kuna tabaka la chini la anga ya juu ambalo mchana huyameza mawimbi hayo. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na stesheni za mbali huanza kubisha hodi. Mtoto wa Vanga aliyelala na redio sikioni alikuwa akipokea tu alicholetewa na bahari. Pale Lungalunga kuna askari wa mpaka, lakini mawimbi hayajawahi kuulizwa pasi.

Redio yenyewe ilianza Kenya mwaka 1928, na ilianza bila sisi. Ilikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza, ili wasikie habari za kwao. Kiswahili kiliingia kwa nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipotaka askari na jamaa zao wapate habari za vita, kwa jinsi ilivyotaka wazipate. Pwani ilichangamka miaka ya 1950. Mombasa kulikuwa na Sauti ya Mvita, na ng'ambo ya pili kulikuwa na Sauti ya Unguja. Kisha mwaka 1954 Cairo, chini ya Gamal Abdel Nasser, ikaanza kutangaza kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi, na miongoni mwa watangazaji wake walikuwamo Wazanzibari waliokuwa Misri. Waingereza hawakupendezwa hata kidogo. Msikilizaji wa pwani kwa ghafla akawa bidhaa inayogombewa: huyu anampa taarab, yule anampa taarab na siasa juu yake.

Lakini nani alikuwa na redio? Wachache. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyokusudiwa Mwafrika wa kawaida. Kasha lake la duara lilitokana na sufuria, na watu wakaiita redio ya sufuria. Bei ilikuwa pauni 5, fedha nyingi kwa kibarua wa wakati ule. Transista ndizo zilizokuja kuishusha redio hadi mkononi mwa mkulima, na hata hapo nyumba nyingi zilisikiliza kwa jirani. Redio moja, baraza moja, watu ishirini. Mawe ya redio yakichoka yaliwekwa juani, na asubuhi moja ya jua la Kwale iliyatosha kumalizia taarifa ya habari. (Hii si uchawi. Joto huharakisha kemia iliyobaki ndani ya betri kwa muda mfupi, halafu inakufa kabisa.)

Sasa, hawa waliokuwa wakichekesha na kuimba redioni walitoka wapi? Hapa ndipo nilipo na hoja yangu. Watu huongea kana kwamba redio ndiyo iliyozaa burudani zetu, kisha televisheni ikairithi. Mimi naona redio ilipokea jukwaa lililokuwa limeshasimama.

Chukua beni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa waliigeuza bendi ya kijeshi ya Kizungu kuwa ngoma yao: sare, vyeo, gwaride, na nyimbo za kupigana vijembe baina ya makundi. Kundi maarufu la Mombasa likiitwa Kingi, na wapinzani wake Skochi. Waliofuatilia ushabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wataelewa hali ya hewa. Huku kusini Wadigo na Waduruma tulikuwa na sengenya: ngoma kadhaa, upatu unaolia bila kupumzika, nzumari inayochanja hewa, na muimbaji ambaye kazi yake ni pamoja na kumchana mtu hadharani bila kumtaja jina. Ndani ya usiku mmoja unapata muziki, mchezo, mzaha, habari za kijiji na hukumu juu ya tabia za watu. Huko London na New York jambo la namna hii walilijengea majumba wakauza tiketi. Sisi tulilifanyia uwanjani, na kiingilio kilikuwa kumjua mwenye arusi, au kutomjua na kuja vivyo hivyo.

Kisha vita vikaja na kulifanya jukwaa kuwa ajira. Jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki liliunda kikosi cha burudani kwa ajili ya askari, na mmoja wa waliopitia humo ni Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye alifika hadi Burma. Baada ya vita yeye na wenzake walirudi wanajua kupiga gitaa mbele ya umati wa watu wa makabila yote, kwa Kiswahili, kwa muda uliopangwa. Ukiangalia vizuri, huo ndio ujuzi ambao studio ya redio ingehitaji. Fundi Konde akawa miongoni mwa majina makubwa ya santuri na redio Kenya katika miaka ya 1950, mmoja wa watangulizi wetu wa gitaa la umeme. Alifariki mwaka 2000.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Mwaka 1959 mpiga gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, aliletwa Nairobi kutangaza dawa ya Aspro, akakaa miezi kadhaa na kuwaachia wapiga gitaa wa Kenya kazi ya kuiga vidole vyake. Unatibu kichwa, unapata gitaa. Marekani walikuwa wameshauzoea mtindo huo, maana mchekeshaji Jack Benny aliuza Jell-O redioni miaka ya 1930 hadi watu wakashindwa kutofautisha utani na tangazo. Nawaambia haya kwa sababu juzi kijana mmoja kazini alinieleza kwamba udhamini wa vipindi vya sauti ni uvumbuzi wa kizazi chetu. Nilimwachia hapo hapo.

Mwaka 1964 shirika la utangazaji likachukuliwa na serikali likawa Sauti ya Kenya, Voice of Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi kuwa KBC. Nairobi ikawa ndiyo katikati ya kila kitu. Hata hivyo sauti iliyokaa muda mrefu kuliko zote ilitoka kwetu pwani. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, akaingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi Je, Huu ni Ungwana? Alikiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na wengi wa rika la wazazi wangu wanamkumbuka kwa asubuhi hiyo. Amefariki Februari 2025.

Mimi namkumbuka kwa neno moja, ungwana. Mpangilio wa kipindi ulikuwa rahisi kama nini. Anaeleza kisa cha mtu asiye na adabu, kwenye basi, kwenye foleni, kwa jirani, anakikoleza kwa mzaha, halafu anawauliza wasikilizaji kama huo ni ungwana. Ni baraza la jioni limewekwa ndani ya sanduku. Ila kwa mtu wa pwani neno hilo si jepesi. Zamani muungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu, alikuwa mtu aliye huru, kinyume cha mtumwa, na watu walibaguana kwa neno hilo. Ukoo wa Mbotela ni wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ni ukoo uliotoa pia mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Kwa hiyo mjukuu wa watu ambao wenyeji wangewanyima jina la waungwana ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti cha taifa kwa miaka zaidi ya hamsini akiwafunza Wakenya wote, wenye vyeo na wasio na vyeo, ungwana ni nini. Sijui kama aliwahi kulisema hivyo. Mimi nikikisikiliza sasa siwezi kutolisikia.

Vichekesho vyenyewe, wazee wanawataja Kipanga na Mzee Pembe kwa upande wa Kenya. Lakini kusini mwa Kwale jina linalofanya watu wacheke kabla hujamaliza kulitamka ni Pwagu na Pwaguzi, wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Jina lilitoka kwenye methali, pwagu hupata pwaguzi, na michezo yao ilikuwa hivyo hivyo: mjanja anakutana na mjanja zaidi. Hapakuwa na picha wala jukwaa, sauti tu, na kila msikilizaji akachonga sura zake. Nyanya yangu ana picha kamili kichwani ya Pwagu alivyo, mpaka urefu wake, na hajawahi kumuona.

Serikali na mashirika wakaona kwamba mzaha unafika mahali ambapo hotuba haifiki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na wastani wa watoto kama 8 kwa kila mama, na mwaka 1987 redio ya taifa ikaleta mchezo wa mfululizo, Ushikwapo Shikamana, ulioandikwa na Tom Kazungu, kuzungumzia uzazi wa mpango. (Methali tena! Tuna tatizo zuri.) Tanzania ikafuata mwaka 1993 na Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na Ukimwi, wenye dereva wa lori anayeitwa Mkwaju ambaye kila msikilizaji aliona maafa yake yanakuja isipokuwa yeye mwenyewe. Waprogramu wenzangu, sikieni hili. Kuanzia 1993 hadi 1995 mchezo huo ulirushwa nchini, lakini Dodoma haikuupata, ilisikia vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Ni jaribio lile lile tunalofanya leo tukiwaonyesha nusu ya watumiaji kitufe cha kijani na nusu kitufe cha buluu, ila huku kipimo kilikuwa maisha ya watu. Matokeo yalionyesha mchezo ulichangia watu kubadili mwenendo, na mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa. Sisi wa mpakani hatukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na tulisikiliza kama kawaida.

Jukwaa la uwanjani lilipata mshahara mahali pengine, kwenye hoteli za Diani. Kuanzia miaka ya 1970 ufuo ule ulijaa hoteli za watalii, na kila hoteli ilitaka onyesho baada ya chakula cha jioni. Wanasarakasi, wacheza moto, kwaya, bendi, na Wamasai ambao baadhi yao, tusemezane ukweli, walikuwa vijana wa Ukunda. Them Mushrooms walitoa Jambo Bwana mwaka 1982, na Mombasa Roots wakaipeleka chakacha kwenye disko. Ami yangu alipiga ngoma kwenye kundi moja la hotelini. Anasema sengenya ya usiku kucha ilikatwa ikawa dakika saba, kwa kuwa meneja alitazama saa, na mistari ya vijembe iliachwa kwa kuwa hakuna Mjerumani angeielewa. Wengine huita huko ni kuuza utamaduni. Nilimuuliza. Akaniambia dakika saba hizo zilisomesha watoto wanne, na kwamba muimbaji wao alikuwa akiwachamba watalii kwa Kidigo kila usiku huku wakimpigia makofi. Kwa maoni yangu vijembe havikuachwa basi.

Agosti 1997 kulizuka machafuko ya Likoni. Watu waliuawa, wengine walikimbia makwao, na wageni wakaacha kuja. Hoteli zilifunga au zikapunguza watu, na wapiga ngoma ni watu wa kwanza kupunguzwa. Kundi la ami lilivunjika mwaka huo na halikuungana tena. Nilipozaliwa ngoma zake zilikuwa juu ya dari.

Kilichobaki ni kanda, na hapa narudi kwenye fani yangu. Babu alifanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi hadi kilipofungwa mwaka 1988, na kwa mshahara wa huko alinunua redio-kaseti. Alirekodi kila kitu. Taarab za Juma Bhalo alizonunua zimenakiliwa na mashine kama hizo mara tatu nne, vipindi vya redio, arusi, maulidi, na angalau maonyesho mawili ya ami, kaseti ikiwa imefichwa ndani ya mfuko. Kaseti ni 46. Katika hizo, 9 zimeota kuvu, maana joto na unyevu wa pwani ndio adui mkubwa wa utepe.

Msifikiri vipindi hivi vyote viko salama mahali fulani Nairobi au Dar. Vingine vipo, na kumekuwa na juhudi za kuhamisha kanda za maktaba hizo kwenda dijitali. Lakini redio ya wakati huo mara nyingi ilikwenda hewani moja kwa moja na kupotea, na utepe ulikuwa ghali, ukafutwa ukatumika tena. BBC yenyewe, na utajiri wake wote, ilifuta mamia ya vipindi vyake. Sehemu ya redio yetu iliyosalia imesalia kwa sababu mtu kama babu alibonyeza vitufe viwili pamoja.

Kwa wanaotaka kujaribu: narekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24, nahifadhi kwa FLAC ambayo haipotezi chochote. Kaseti ya dakika 60 kabla ya kubanwa ni kama gigabaiti 2. Kabla ya kucheza, rekebisha pembe ya kichwa cha mashine kwa kila kaseti, kwa sababu kila redio-kaseti ilirekodi kwa pembe yake. Na tafadhali usikimbilie programu ya kuondoa kelele. Nilitazama mchoro wa masafa ya sauti wa sengenya moja na nikaona kwamba mlio wa upatu na mchakacho wa utepe vinakaa mahali pamoja. Programu haijui tofauti. Ukiiambia isafishe, itakuletea sengenya safi isiyo na upatu. Nakala ghafi ibaki kama ilivyo, pamoja na kuku.

Kaseti ninayoirudia sana haina jina. Nadhani ni arusi, Msambweni, miaka ya 1980, kwa kuangalia nyimbo zilizo upande wa kwanza. Ngoma inanyamaza, na mtu anaanza kusoma taarifa ya habari. Ana sauti ile ile ya mtangazaji, mapumziko yale yale, hata mlio wa saa anauiga kwa mdomo. Lakini habari ni za kijiji, na zinaingia Kidigo kidogo kidogo: mbuzi wa fulani amevuka mpaka bila kibali, kamati ya mnazi imekutana ikashindwa kusimama, hali ya hewa kwa mama mkwe ni mawingu. Watu wanacheka mpaka utepe unapasuka sauti. Inachukua dakika 6 na sekunde 40, kisha nzumari inaingia juu yake.

Nimewachezea wazee watano. Wote wamecheka, na wamenipa majina matatu tofauti ya msomaji huyo, kila mmoja akiapa. Ijumaa nakwenda Vanga kwa mzee wa sita, ambaye naambiwa alikuwa ndiye mpiga nzumari.